Mshika matatu: Msomi kati ya darasa, utafiti na utetezi wa haki

MSHIKA mawili, walinena wahenga, moja humponyoka. Wahenga hao hawakutuachia methali ya mshika matatu, pengine kwa kuwa hawakuwahi kukutana na mhadhiri wa sayansi ya siasa katika chuo kikuu cha Afrika. Huyu anatarajiwa kufundisha mamia ya wanafunzi, kufanya utafiti kwa ushirikiano na vyuo vya ng'ambo, na wakati uo huo kupaza sauti raia wanapopigwa risasi au kutoweka mikononi mwa watu wasiojulikana.

Nchini Kenya, suala hili lilipata uzito mpya baada ya maandamano ya vijana ya Juni na Julai 2024, ambapo watu wapatao 60 walipoteza maisha kwa mujibu wa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR. Tangu wakati huo, mjadala kuhusu msomi anayejihusisha na utetezi umegawanya watu katika kambi mbili.

Kambi ya kwanza hushikilia kuwa mhadhiri ameajiriwa kufundisha, na siasa awaachie wenye siasa zao. Kambi ya pili hujibu kuwa msomi anayenyamaza huku damu ikimwagika ni mshirika wa wanaoimwaga. Kila kambi ina ukweli wake, lakini zote mbili hukwepa swali gumu zaidi: majukumu haya matatu yanapogongana, msomi aache lipi, na nani atakayelipia uamuzi wake?

Historia ya bara hili ina majibu kadhaa. Baadhi yaliandikwa kwa wino, mengine kwa miaka ya kifungo.

Funzo la Port Harcourt

Mfano ulio wazi zaidi ni wa marehemu Profesa Claude Ake wa Nigeria. Ake alikuwa mwanasayansi wa siasa aliyehitimu uzamifu katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, na ambaye katika miaka ya 1970 alifundisha Nairobi na Dar es Salaam kabla ya kurejea kwao. Katika kitabu chake cha 1979, Social Science as Imperialism, alidai kuwa elimu ya siasa iliyokuwa ikifundishwa Afrika ilibeba ndani yake maslahi ya mataifa ya Magharibi, na kwamba mwanafunzi Mwafrika alikuwa akikaririshwa namna ya kujidharau.

Ake hakuishia kulalamika. Aliongoza Baraza la Maendeleo ya Utafiti wa Sayansi za Jamii Afrika, CODESRIA, lenye makao makuu mjini Dakar, na mnamo 1991 akaanzisha kituo chake cha utafiti mjini Port Harcourt, katikati ya eneo la Delta ya Niger lenye mafuta mengi na umaskini mwingi. Alishirikiana na taasisi kubwa za Marekani na Ulaya, lakini mizizi yake ilibaki kwao.

Mtihani wake ulifika mwaka wa 1995. Kampuni ya mafuta ya Shell ilikuwa imeanzisha uchunguzi wa hali ya mazingira katika Delta ya Niger, na Ake akakubali kuwa mmoja wa wanakamati wa kuusimamia. Hapo hapakuwa na kosa. Wakazi wa eneo hilo walihitaji takwimu za kuaminika kuhusu mito na mashamba yaliyochafuliwa, na ni heri takwimu hizo zikusanywe mbele ya macho ya mtu anayewajali.

Kisha, mnamo Novemba 10, 1995, utawala wa kijeshi wa Jenerali Sani Abacha ukamnyonga mwandishi na mtetezi wa jamii ya Ogoni, Ken Saro-Wiwa, pamoja na wenzake wanane. Siku chache baadaye Ake alijiuzulu kutoka kwa kamati hiyo. Hakuacha kufundisha wala hakuacha kutafiti. Alichoacha ni utafiti mmoja mahsusi ambao, baada ya vitanzi vya Port Harcourt, ungegeuka kuwa pazia la kufunika uovu kwa jina lake. Mwaka mmoja tu baadaye, Novemba 1996, alifariki katika ajali ya ndege karibu na Lagos.

Funzo la Ake ni kwamba majukumu matatu yanaweza kukaa kwa mtu mmoja, mradi ajue mapema ni wapi atakapochora mstari. Aliingia akiwa na sababu, na akatoka akiwa na sababu. Msomi asiyejua atatoka lini hafai kuingia.

Kenya na hofu ya kalamu

Hapa Kenya, serikali haikusubiri wasomi wachore mstari. Iliwachorea.

Mwaka wa 1982 ndio unaokumbukwa zaidi. Mnamo Juni mwaka huo katiba ilirekebishwa na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Katika miezi hiyo hiyo wahadhiri kadhaa wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kilichokuwa Chuo cha Kenyatta walikamatwa. Miongoni mwao walikuwa Willy Mutunga wa sheria, Edward Oyugi wa saikolojia ya elimu, Maina wa Kinyatti wa historia, na Alamin Mazrui, mwanaisimu ambaye wapenzi wa fasihi ya Kiswahili wanamfahamu kwa tamthilia yake Kilio cha Haki. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, chuo kikuu kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Mnamo 1986, msako dhidi ya kundi la Mwakenya ulimnasa pia Katama Mkangi, mwanasosholojia na mwandishi wa riwaya ambaye baadaye alituandikia Walenisi. Ukitazama orodha hii utagundua jambo moja: wengi wao hawakuwa walimu wa sayansi ya siasa. Serikali haikujali mtu anafundisha idara gani. Ilijali anawafundisha wanafunzi kuuliza maswali gani.

Mwanasayansi wa siasa, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa tayari ameondoka Nairobi mwaka wa 1981 na kuendelea kufundisha Mexico na Ethiopia. Akiwa nje, alihariri kitabu kuhusu harakati za umma za kupigania demokrasia barani Afrika kilichochapishwa 1987, kikiwaleta pamoja watafiti wa nchi mbalimbali. Huo ni ushahidi kuwa ushirikiano wa kimataifa haukuwa anasa ya kusafiri kwa ndege na kulala hotelini. Kwa wasomi wengi wa kizazi hicho, ulikuwa ndiyo njia pekee ya kuendelea kufikiri bila kufungwa.

Kwa namna iyo hiyo, Tume ya Haki za Kibinadamu ya Kenya, KHRC, ambayo si ya serikali, ilizaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutokana na juhudi za Wakenya waliokuwa huko, akiwemo Profesa Makau Mutua, kisha ikahamishia kazi zake nyumbani. Anayedai leo kuwa utetezi wa haki ni mbegu ya kigeni hana budi kukumbuka kwamba mbegu hiyo ilikuwa yetu. Ilipelekwa kuatikwa mbali kwa sababu kitalu cha nyumbani kilikuwa kimechomwa moto.

Azimio la Kampala

Uonevu huo haukuwa wa Kenya pekee. Profesa Mahmood Mamdani wa Makerere alinyang'anywa uraia wake na serikali ya Milton Obote mwaka wa 1984 akiwa nje ya Uganda. Aliporudi, alishiriki kuanzisha kituo huru cha utafiti mjini Kampala mnamo 1987.

Mwaka wa 1990 wasomi wa Afrika waliamua kuweka msimamo wao kwenye maandishi. Aprili, wahadhiri wa Tanzania walipitisha azimio mjini Dar es Salaam. Novemba, chini ya CODESRIA, wasomi kutoka pembe mbalimbali za bara walikutana Kampala na kutoa Azimio la Kampala kuhusu Uhuru wa Wasomi na Wajibu wao kwa Jamii.

Anwani ya azimio hilo ina sehemu mbili, na wasomi wetu wengi hukumbuka ya kwanza tu. Sehemu ya uhuru inadai kuwa msomi asisumbuliwe kwa fikra zake, asinyimwe haki ya kusafiri na kukutana na wenzake, na vyuo vijitawale. Sehemu ya wajibu inamtaka msomi ashiriki mapambano ya umma ya kudai haki, atekeleze kazi yake kwa umahiri na uadilifu, na asijihusishe na jambo linalokiuka maadili ya taaluma yake au linaloudhuru umma.

Kwa maneno mengine, waandishi wa azimio hilo hawakuona mgongano wa lazima kati ya utetezi na taaluma. Waliona kwamba utetezi usio na umahiri ni kelele, na umahiri usio na utetezi ni utumwa wa aliye na pesa au bunduki. Kenya ilikuja kuupa uhuru huo nguvu ya kisheria baadaye. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinataja waziwazi uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi kuwa sehemu ya uhuru wa kujieleza. Wajibu, hata hivyo, hauwezi kutiwa katika katiba. Huo hubaki katika dhamiri ya mtu.

Pesa zatoka wapi?

Enzi za Rais Daniel arap Moi, msomi mkosoaji alipachikwa jina la Mmarksi. Siku hizi jina hilo halitishi mtu. Tuhuma mpya ni pesa za kigeni.

Julai 2024, Rais William Ruto aliitaja hadharani Wakfu wa Ford wa Marekani akiihusisha na ghasia zilizoandamana na maandamano. Wizara ya Mambo ya Nje iliiandikia wakfu huo ikitaka maelezo, nao ukakana kufadhili maandamano. Kwa miongo kadhaa, wakfu huo umekuwa ukifadhili utafiti na utetezi humu nchini, kwa hivyo tuhuma hiyo iliwagusa pia wasomi waliowahi kupokea ruzuku zake kwa kazi zisizohusiana kabisa na barabara za Nairobi.

Mbinu hii si ngeni. Nchini Misri, mwanasosholojia Saad Eddin Ibrahim wa Chuo Kikuu cha Marekani mjini Cairo alikamatwa Juni 2000 pamoja na wenzake wa Kituo cha Ibn Khaldun, alichokianzisha mwaka wa 1988. Miongoni mwa mashtaka yake ni kupokea fedha za Muungano wa Ulaya bila idhini na kuipaka nchi yake matope. Alihukumiwa miaka saba mnamo 2001, akahukumiwa tena 2002, hadi mahakama ya juu zaidi ya rufaa ilipomwachilia Machi 2003. Kwa karibu miaka mitatu, kazi ya kituo hicho, iliyojumuisha kuwahimiza raia kupiga kura, ilikuwa imevurugwa. Hata mshtakiwa akishinda, mshtaki huwa amekwisha kupata alichokitaka.

Lakini Mgala muue na haki yake umpe. Swali la pesa, hata likiulizwa na mtu mwenye nia mbaya, ni swali halali. Utafiti mwingi wa sayansi za jamii hapa kwetu huanza kwa mfadhili wa nje kutangaza mada anayoitaka. Chuo cha Ulaya au Marekani huandika pendekezo, kikatafuta mshirika Nairobi au Eldoret kwa kuwa masharti yanadai awepo, na mshirika huyo hupewa kazi ya kukusanya majibu mashinani. Uchambuzi hufanyiwa kwingine. Makala huchapishwa katika jarida ambalo maktaba ya chuo cha mshirika haina uwezo wa kulinunua. Mwanakijiji aliyehojiwa kwa saa mbili hasikii tena habari zake.

Huo si ushirikiano. Ni uchukuzi wa mali ghafi, sawa na ule wa kahawa na majani chai.

Sehemu ya lawama ni yetu wenyewe. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 iliweka lengo la serikali kutenga asilimia mbili ya pato la taifa kwa utafiti. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Mwaka wa 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma walilazimika kugoma kwa siku 49, wakidai Sh7.9 bilioni walizokuwa wameahidiwa katika mikataba ya awali. Serikali isiyolipa mshahara wa mhadhiri kwa wakati, na isiyofadhili utafiti wake, haina uso wa kumuuliza anakula wapi. Tena ilipofika 2025 na Marekani ikalifunga shirika lake la misaada la USAID, ilidhihirika kwamba mtumai cha ndugu hufa maskini. Miradi mingi ya utafiti ilikatizwa kwa agizo lililotolewa Washington, bila mtu wa Kenya kuulizwa lolote.

Anayebaki nyuma

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi katika sherehe za kutia saini mikataba ya ushirikiano, nalo ni hatari. Januari 2016, Giulio Regeni, Mwitaliano aliyekuwa akisomea uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alitoweka mjini Cairo alikokuwa akitafiti vyama huru vya wafanyakazi. Maiti yake ilipatikana mapema Februari ikiwa na alama za mateso. Kifo chake kilitikisa uhusiano wa Italia na Misri, na waendesha mashtaka wa Roma wakawafungulia mashtaka maafisa wa usalama wa Misri.

Ikiwa mgeni mwenye pasipoti ya Ulaya alipatwa na hayo, je, msaidizi wa utafiti asiyejulikana, aliyeajiriwa kwa miezi mitatu kuhoji familia za waliotoweka katika mtaa wa mabanda, analindwa na nani? Profesa wa ng'ambo atarudi kwao mradi ukiisha. Profesa wa Nairobi ana jina linaloweza kutajwa magazetini. Kijana yule wa kuhoji hana hili wala lile, na nambari ya simu yake anayo kila mtu aliyemhoji.

Hapa ndipo utetezi wa haki unapopaswa kuanza, ndani ya mradi wenyewe. Msomi anayeandika kuhusu haki za wengine huku msaidizi wake akifanya kazi bila mkataba wala bima hajaelewa somo analolifundisha.

Mwalimu au mwanasiasa?

Darasa ndilo jukumu linalosahaulika upesi. Mikutano ya haki huvuta kamera, na ruzuku huleta posho, lakini mihadhara ya saa mbili asubuhi haina shahidi isipokuwa wanafunzi. Wengi wamewahi kusubiri mhadhiri aliye studioni akieleza kwa nini vijana wanahitaji uongozi unaowajibika.

Aidha kuna suala la haki ndani ya darasa. Mwalimu wa siasa ana kila uhuru wa kuwa na msimamo, na ni afadhali auseme waziwazi kuliko kuuficha chini ya nadharia. Kipimo chake ni mwanafunzi anayempinga. Iwapo mwanafunzi anayeunga mkono serikali anaweza kuandika insha yenye hoja thabiti na kupata alama anazostahili, mhadhiri huyo ni mwalimu. La sivyo, ni kiongozi wa chama aliyekosa chama.

Vyombo vya habari navyo vina wajibu. Msomaji akielezwa kwamba mtu fulani ni "mdadisi wa masuala ya kisiasa", anastahili pia kuelezwa kama mdadisi huyo ni mshauri wa mgombea, au kama utafiti anaounukuu ulifadhiliwa na mwenye maslahi.

Na kuna kishawishi cha mwisho: kiti. Nyong'o alikuja kuwa mbunge, waziri, seneta na gavana wa Kisumu. Mutunga aliongoza idara ya mahakama kuanzia 2011 hadi 2016. Si dhambi kwa msomi kushika madaraka, na pengine ni heri kuliko kuyaachia matajiri wasiosoma lolote. Lakini siku anapoapishwa, yeye huvuka kutoka upande wa wanaouliza hadi upande wa wanaoulizwa. Wenzake waliobaki chuoni hawamtendei fadhila wakimnyamazia.

Njia iliyopo

Mambo kadhaa yangeweza kufanywa bila kusubiri katiba nyingine. Kwanza, kila msomi anayezungumza hadharani kuhusu utafiti wake ataje nani aliyeufadhili. Tuhuma za siri hufa zinapokutana na hesabu zilizo wazi. Pili, vyuo vyetu vikatae ushirikiano ambao mshirika wa Kenya hana sauti katika kuchagua mada, kuchambua matokeo na kuyachapisha, na matokeo yarudi kwa waliohojiwa kwa lugha wanayoielewa, ambayo mara nyingi ni Kiswahili.

Tatu, leseni za utafiti zinazotolewa na tume ya serikali ya sayansi, NACOSTI, zisigeuzwe kamba ya kuwafungia wanaotafiti polisi, ardhi au uchaguzi. Nne, vyama vya wahadhiri vipiganie usalama wa watafiti kwa nguvu zile zile vinazopigania mishahara.

Haya si mambo ya kuwashughulisha wasomi peke yao. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Tume ya Jaji Philip Waki ilirekodi vifo 1,133. Kwa kuwa kuna waliohesabu, wakahoji na kuandika, hakuna leo anayeweza kusimama jukwaani akasema vifo hivyo havikutokea. Kenya inaelekea uchaguzi mwingine wa Agosti 2027. Mungu aepushe mbali, lakini yakitokea ya kutokea, raia watahitaji watu wanaojua kuhesabu bila kupunguza wala kuongeza, walio na ujasiri wa kuyasema waliyoyahesabu, na ambao wamewafunza vijana wa kuendeleza kazi hiyo.

Watu hao hawapatikani kwa siku moja. Hufundishwa kwa miaka, katika madarasa yale yale ambayo leo hayana walimu wa kutosha.